Lifti ya Mkuu wa Wilaya

Chukua stori mbili zinazoweza kuandikwa katika wiki moja kwenye wilaya yoyote iliyo mbali na Dar es Salaam. Ya kwanza ni ziara ya mkuu wa wilaya kukagua ujenzi wa vyumba vya madarasa. Ya pili ni zahanati ya kata ya pembezoni ambayo wananchi wanalalamika kwamba haina dawa. Ya kwanza haimgharimu mwandishi kitu. Gari la msafara linampitia, chakula cha mchana kipo, kauli zinatolewa hadharani, ofisa habari wa halmashauri anatupia picha na muhtasari kwenye kundi la WhatsApp kabla msafara haujarudi mjini, na mara nyingi jioni kuna posho inayoitwa nauli ingawa hakuna aliyepanda basi. Ya pili inataka bodaboda kwenda na kurudi, pengine mara mbili kwa kuwa mganga mfawidhi hakuwepo siku ya kwanza. Inataka kauli ya mganga mkuu wa wilaya, naye atasema yeye si msemaji. Inataka bando, na siku mbili au tatu za kuhangaika. Zote mbili zikitoka gazetini au redioni, malipo ni yaleyale. Ya pili ikikwama kwenye meza ya mhariri, malipo ni sifuri. Huhitaji kumtafuta mwandishi mvivu au mwenye tamaa ili ueleze kwa nini habari za mikoani zimejaa ziara za viongozi.

Ninalianza jambo hili kwa hesabu kwa sababu mjadala wetu kuhusu waandishi wa mikoani umezoea kuanza kwa maadili. Tunawasema kwa bahasha, tunawaita makanjanja, tunawaandalia semina ya siku mbili kuhusu uadilifu, kisha tunawarudisha kwenye mfumo uleule wa malipo uliowafanya wakubali bahasha. Serikali nayo, kila inapotaka kuonyesha kwamba inawajali, hutoa kile kilicho rahisi kwake, yaani usafiri kwenye msafara, hafla, tuzo na mafunzo. Hoja yangu ni kwamba msaada ambao mwandishi wa mkoani anauhitaji kutoka serikalini haupo katika lolote kati ya hayo. Upo katika sheria zilizokwisha kupitishwa na Bunge lakini zikatekelezwa upande mmoja tu. Dola imekuwa hodari wa kumdai mwandishi, na mpole mno kwa anayemtumia. Pengo lililobaki katikati linajazwa na hisani za viongozi ambao ndio hasa mwandishi huyo anapaswa kuwaripoti.

Ni vizuri kueleweka tunamzungumzia nani. Katika magazeti na vituo vingi vya utangazaji nchini, waandishi walioajiriwa kwa mkataba na mshahara wamejazana Dar es Salaam, na wachache Dodoma, Mwanza au Arusha. Sehemu kubwa ya nchi iliyobaki inahudumiwa na watu wanaoitwa wawakilishi au waandishi wa kujitegemea. Hawa hulipwa kwa stori iliyotoka, kiasi ambacho kwa kawaida ni shilingi elfu chache, na huweza kuchelewa kwa miezi. Simu ni yao, kamera ni yao na pikipiki ni yao kama wanayo. Wengi wamejikusanya katika klabu za waandishi wa habari, ambazo zipo 28 chini ya mwavuli wa UTPC, umoja ulioanza mwaka 1996. Klabu hizi ndizo zimekuwa ofisi yao, kompyuta yao na mara nyingine mfuko wao wa rambirambi. Lakini klabu si mwajiri. Kwa miaka mingi uhai wa UTPC umetegemea wafadhili wa nje, wakiwamo Waswidi kupitia shirika lao la Sida, na mfadhili hubadili vipaumbele vyake bila kumuuliza mwandishi wa Mpanda.

Hata hivyo ni watu hawa tunaowategemea pale nchi inapopata mtikisiko. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 220, na maporomoko ya tope yalipouzika mji wa Katesh wilayani Hanang Desemba 2023, hakuna chumba cha habari cha Dar es Salaam kilichokuwa na mtu aliyekaa hapo akisubiri. Habari za aina hiyo huanzia kwa mwandishi wa mkoani, na yule aliyetumwa na kamera kubwa hufika baadaye kumkuta. Na mauaji ya viongozi wa vijiji na askari wa polisi yalipozikumba Kibiti na Rufiji, mmoja wa waliokuwa wakiyaandika alikuwa Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeyaandikia magazeti ya Mwananchi Communications. Alitoweka Novemba 21, 2017 na mpaka leo hajulikani alipo. Uzito wa habari aliyokuwa akiifuata ungemtisha mwajiriwa mwenye bima, mwanasheria wa kampuni na gari la ofisi. Yeye alikuwa analipwa kwa stori.

Sasa tazama sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilipitishwa Novemba mwaka huo huku waziri wa wakati ule, Nape Nnauye, akiinadi pamoja na mengine kama mkombozi wa mwandishi. Ilikuwa na ahadi zinazogusa tumbo, kwani ilivitaka vyombo vya habari viwakatie watu vinaowaajiri bima na kuwaingiza kwenye hifadhi ya jamii, na iliunda mfuko wa mafunzo kwa wanahabari. Ilikuwa pia na madai kwa mwandishi mwenyewe, kwamba asifanye kazi bila ithibati. Kanuni za mwaka 2017 zikaongeza kwamba ni lazima awe na elimu isiyopungua stashahada, zikitoa miaka mitano ya kujiandaa. Kumbuka kwamba anayetakiwa kujilipia ada ya chuo ndani ya miaka hiyo mitano ni yuleyule anayelipwa elfu chache kwa stori. Wengi walijitahidi. Wapo waliosoma kwa kukopa na kwa kuuza walichokuwa nacho, maana tarehe ya mwisho ilikuwa imetajwa na adhabu ilikuwa imeandikwa.

Kwa upande wa mwenye chombo sijaona tarehe ya mwisho ya namna hiyo. Sijasikia gazeti lililonyimwa leseni kwa kuwa mwakilishi wake wa Katavi hana bima, wala redio iliyofungiwa kwa kutomwandikia mtu mkataba. Magazeti tumeyaona yakifungiwa kwa yaliyoandika, na leseni za Mawio, Mwanahalisi, Mseto na Tanzania Daima zilikuja kurejeshwa Februari 2022. Kwa hiyo nguvu ya kuwabana wamiliki haikukosekana. Ilitumika kwenye maandishi, haikutumika kwenye masilahi ya waandikaji.

Januari 2023 serikali iliunda kamati chini ya Tido Mhando kutazama hali ya uchumi ya vyombo vya habari. Lilikuwa jambo la maana, kwa sababu angalau mara hiyo swali halikuwa mwandishi ana kosa gani bali anaishije. Baadaye Mhando huyohuyo akawa mwenyekiti wa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, iliyozinduliwa Machi 2025, zaidi ya miaka minane baada ya sheria iliyoiunda. Bodi ilianza kazi kwa kusajili waandishi mtandaoni na kutoa vitambulisho. Sina ugomvi na kitambulisho. Mwandishi wa mkoani anayekutana na askari kwenye kizuizi cha barabarani ana faida ya kuwa nacho, na wasomaji wana haki ya kulindwa dhidi ya matapeli wanaojiita waandishi ili kumtisha mwenye kiwanda. Lakini mtiririko wa matukio unajieleza wenyewe. Katika yote yaliyoandikwa mwaka 2016, lililopata bodi, mfumo wa kompyuta, ada na tarehe ni lile linalomhusu mwandishi. Lile linalomhusu mwajiri limebaki kwenye karatasi.

Madhara ya jambo hili yalionekana kwa namna ya kusikitisha Januari 11, 2022 wilayani Busega, mkoani Simiyu. Gari lililobeba waandishi wa habari kutoka Mwanza, likiwa katika msafara wa mkuu wa mkoa uliokuwa ukielekea Ukerewe, liligongana na Hiace ya abiria. Walikufa waandishi, walikufa maofisa habari wa serikali waliokuwa nao kwenye gari hilo, wakafa na abiria wa Hiace. Tuwaache marehemu wapumzike na tutazame jinsi sheria inavyoliona gari kama lile. Ofisa habari wa halmashauri ni mtumishi wa umma. Mwajiri wake anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa na sheria ya mwaka 2008, na akifa kazini wategemezi wake wana mahali pa kudai kwa mujibu wa sheria. Mwandishi aliyeajiriwa kwa mkataba, kama mwajiri wake amejisajili na kuchangia, naye yumo. Mwandishi wa kulipwa kwa stori, aliyekaa kiti kimoja nao, akielekea eneo lilelile kwa kazi ileile, kwa mfuko huo hayupo kabisa. Familia yake inategemea michango ya wenzake na huruma ya kiongozi mwenye msafara. Na mchango wa mwajiri wa sekta binafsi kwenye mfuko huo ni nusu asilimia ya mishahara anayolipa.

Wamiliki wana jibu lao, nalo husikika kila mara. Husema kwamba huyu si mfanyakazi wetu, ni mtu huru anayetuuzia bidhaa, na pengine siku hiyohiyo amewauzia watatu wengine. Kuna ukweli humo. Wapo waandishi wa mikoani wanaoandikia magazeti mawili na redio moja, na wapo wasiotaka kufungwa na mwajiri mmoja. Lakini swali la nani ni mfanyakazi haliachwi kwa mapenzi ya anayelipa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo na bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa. Miongoni mwake ni kwamba anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, kwamba ni sehemu ya taasisi hiyo, kwamba amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au kwamba anamtegemea huyo kwa riziki yake. Sasa mchukue mwandishi anayepigiwa simu na dawati la mikoani kila asubuhi kuulizwa ana nini, anayetumwa mahakamani, anayebeba kitambulisho cha chombo hicho, ambaye jina la mkoa wake halitajwi redioni bila jina lake kufuata. Saa 45 kwa mwezi hazifiki hata mbili kwa siku. Ni wangapi wasioingia hapo?

Tatizo ni kwamba haki hii haijitekelezi. Anayeidai lazima aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa suala la kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri. Mwandishi wa mkoani haachishwi kazi. Hapewi barua. Stori zake zinaacha kutoka, simu ya mhariri haipokelewi, na baada ya miezi miwili anasikia jina jingine likisoma taarifa ya mkoa wake. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia lini? Kipo chama cha wafanyakazi wa vyombo vya habari, JOWUTA, ambacho kimekuwa kikilisema jambo hili, lakini chama cha wafanyakazi hupata nguvu kwa wanachama wanaotambuliwa kama wafanyakazi, na hapo tunarudi palepale. Ndiyo maana nasema ni kazi ya serikali. Ofisa kazi wa mkoa ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kudai kumbukumbu za waajiri. Hukagua viwanda, mashamba na hoteli. Amri ya Mishahara inayoweka kima cha chini inautaja utangazaji na vyombo vya habari kwa jina, kwa hiyo hawezi kusema sekta hii haimhusu. Ila kima cha chini huhesabiwa kwa muda wa kazi, na anayelipwa kwa stori hana muda unaohesabiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba hakuna fedha. Magazeti yanauza nakala chache kuliko zamani, matangazo yamehamia kwenye mitandao ya kampuni za ng'ambo, na redio ya jamii ya Sengerema au Pangani inaendeshwa kwa salamu, matangazo ya misiba na kujitolea. Mbane mwajiri, tunaambiwa, naye atawaacha wawakilishi wote na kuchukua habari za mikoani bure kutoka kwenye makundi ya maofisa habari. Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa, kwa sababu kwa kiasi fulani hilo limekwisha kutokea. Lakini umaskini wa vyombo vya habari hauwezi kutenganishwa na mwenendo wa serikali yenyewe, ambayo ni mtangazaji mkubwa na mdaiwa mkubwa. Kwa miaka mingi wamiliki wamelalamika kwamba wizara, mashirika na halmashauri hutangaza na hazilipi, na serikali yenyewe imekiri kuwapo kwa madeni hayo kila ilipoahidi kuyalipa. Mhariri wa Dar es Salaam anayesubiri malipo ya tangazo la zabuni kwa mwaka mzima ana sababu nzuri ya kumwambia mwakilishi wake wa Lindi asubiri pia. Deni linashuka ngazi kwa ngazi mpaka linamkuta asiye na wa kumshushia.

Kwa hiyo ruzuku ya kwanza ambayo mwandishi wa mkoani angeipata kutoka serikalini haihitaji fungu jipya kwenye bajeti. Ni serikali kulipa inachodaiwa, kwa wakati, kisha kumtaka aliyelipwa naye alipe. Hapo ndipo penye pendekezo langu. Chombo chochote kinachotaka matangazo yanayolipiwa kwa fedha za umma kionyeshe kwamba kila anayetoa habari kwa jina lake kutoka mkoani ana mkataba wa maandishi, amechangiwa WCF, na amesajiliwa kwenye hifadhi ya jamii. Mkandarasi wa barabara anadaiwa uthibitisho wa kodi kabla ya kupewa zabuni, wala hatusemi kwamba anaonewa. Mkataba wenyewe si lazima uwe wa mshahara kamili. Unaweza kuwa wa malipo ya msingi ya mwezi yasiyotegemea stori ngapi zimetoka, na juu yake malipo ya stori, na nauli ya habari iliyokubaliwa na mhariri kabla mwandishi hajatoka nyumbani. Hilo la nauli linaonekana dogo kuliko yote, lakini ndilo linalogeuza hesabu niliyoanza nayo. Siku stori ya zahanati itakapokuwa haimgharimu mwandishi kuliko stori ya ziara, zahanati itaandikwa.

Vipi kuhusu chombo kinachoandikiwa na mtu anayeandikia wengine pia? Kila mmoja achangie kwa sehemu anayolipa. Na kwa yule aliye huru kwelikweli, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unawasajili waliojiajiri, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. UTPC na klabu zake wanaweza kuwa mlango wa kuwaandikisha kwa pamoja. Hayo ni mambo ya utaratibu na sitayakalia.

Ninayopaswa kuyakalia ni maneno ya wale watakaosema nimekabidhi fimbo. Watasema kwamba serikali ikishika matangazo kwa mkono mmoja na orodha ya masharti kwa mkono mwingine, gazeti linaloikosoa litakaguliwa kila wiki na linaloisifu halitakaguliwa kamwe. Wana ushahidi. Sheria ya 2016 ilipotungwa ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari jukumu la kuratibu matangazo ya serikali, na marekebisho ya mwaka 2023 ndiyo yaliyoliondoa. Majirani zetu Kenya waliunda wakala wa matangazo ya serikali mwaka 2015 kwa sababu zilizosikika kuwa nzuri, za kubana matumizi na kuweka utaratibu. Matokeo yake yakawa malimbikizo ya madeni kwa vyombo binafsi, na Machi 2024 likatolewa agizo kwamba matangazo ya utangazaji ya serikali yaende kwa shirika la utangazaji la serikali, KBC, peke yake. Waandishi wa kaunti ambao huko nao hulipwa kwa urefu wa habari iliyochapwa wanajua agizo kama hilo linaishia mfukoni mwa nani.

Lakini mifano hii inathibitisha hatari ya hiari ya ofisa, haithibitishi hatari ya sharti lenyewe. Kilichokosewa kote kuwili ni kumpa mtu mmoja uwezo wa kuamua nani apate bila kanuni inayomfunga. Sweden ilianza kuyapa magazeti ruzuku ya uendeshaji mwaka 1971, na Norway miaka miwili kabla yake. Mifumo yao imelaumiwa kwa mengi, pamoja na kuyabeba magazeti ambayo soko lilikwisha kuyakataa. Ila fedha zilifuata vigezo vilivyoandikwa, vya usambazaji na idadi ya wasomaji, na magazeti ya upinzani yalizipokea kutoka serikali yaliyoishambulia. Sisi hatuna fedha zao, na sipendekezi ruzuku yao. Ninachokiazima ni kanuni tu: sharti liwe la kuhesabika, lihakikiwe na mtu asiyesoma magazeti kazini, na matokeo yake yawekwe hadharani. Kama amechangiwa au hajachangiwa ni jambo ambalo mfuko wa hifadhi unaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana. Halihitaji waziri, wala halihitaji mkuu wa mkoa, na hapo ndipo linapotofautiana na lifti. Tukisema serikali isiguse kabisa masilahi ya waandishi kwa kuogopa itawanunua, tujiulize ni nani anayelipia mafuta ya gari lililowabeba leo.

Maana utegemezi tunaouogopa upo tayari, tena kwa sura mbaya zaidi. Mkono mtupu haulambwi, na katika wilaya nyingi mkono wenye kitu ni wa ofisi ya mkuu wa wilaya, halmashauri au shirika lenye mradi. Hakuna anayemwambia mwandishi asiandike habari fulani. Hataitwa tu kwenye msafara ujao, wala namba yake haitaongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Kwa mwenye mshahara hiyo ni fedheha ndogo ya wiki moja. Kwa mwenye kulipwa kwa stori ni kufungiwa duka. Baraza la Habari Tanzania limekuwa na kanuni za maadili tangu miaka ya tisini, na waandishi wanazijua vizuri. Zinasema usipokee. Hazisemi urudije mjini kutoka kijiji cha kilomita 90 saa moja usiku. Simaanishi kwamba kila bahasha ina udhuru. Wapo wanaotoa vitisho, wapo wanaouza kimya kwa bei, na hao Bodi na polisi wawashughulikie. Lakini huwezi kumtofautisha mla rushwa na mwenye njaa kama umewaweka wote kwenye malipo yanayowalazimisha kufanana.

Mfumo huu una jambo jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni muda. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa mpaka siku 30 za kujibu ombi. Kwa mwandishi wa mshahara anayechunguza matumizi ya fedha za kijiji, siku 30 ni kero inayovumilika. Kwa anayelipwa kwa stori, kila siku ya kusubiri ni siku isiyo na kipato, kwa hiyo sheria nzuri inabaki kuwatumikia wenye uwezo wa kusubiri. Intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, wengi walijadili haki ya umma kupata habari, na walikuwa sahihi. Waliosahauliwa ni wale ambao kila saa ya kuzimwa ilikuwa pia saa ya kutolipwa, katika msimu ambao walikuwa wanautegemea kwa mwaka mzima.

Na usalama? Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya Iringa, aliuawa Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012, akiwa kazini mbele ya polisi. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela mwaka 2016. UTPC ikaanzisha tuzo kwa jina lake. Huo ni msaada wa msingi ambao hakuna bajeti inayoweza kuuchukulia nafasi, kwamba dola isimdhuru mwandishi na ikimdhuru ishtaki. Ninautaja kwa ufupi kwa sababu haupingwi na mtu hadharani. La mkataba linapingwa, kimyakimya, na watu wenye heshima, wakiwamo wahariri wazuri ambao kila mwezi hulazimika kuchagua kati ya kulipa umeme na kuwalipa wa mikoani.

Serikali ingeweza kuanza na nyumba yake kabla ya kumgusa yeyote. TBC na kampuni ya magazeti ya serikali, TSN, zina watu mikoani. Kama wapo miongoni mwao wanaolipwa kwa stori bila mkataba wala mchango wa hifadhi, hao ndio wawe wa kwanza, na wamiliki binafsi wakose pa kunyooshea kidole. Zanzibar ina sheria zake za habari, ile ya usajili wa magazeti ni ya mwaka 1988, na marekebisho yake yanayozungumzwa kila mwaka yangeweza kuingiza jambo hili tangu mwanzo badala ya kuliongeza baadaye kama sisi wa Bara. Na Bodi ya Ithibati, kwa kuwa sasa ina daftari la waandishi kwenye kompyuta, inaweza kuweka safu mbili zaidi katika fomu yake. Moja iulize ni chombo gani kinachokulipa, na nyingine iulize unalipwa kwa mshahara au kwa stori. Namba ya kitambulisho cha taifa itatosha kulinganisha majibu hayo na kumbukumbu za NSSF na WCF. Orodha itakayopatikana, yenye majina ya vyombo, idadi ya wawakilishi na idadi ya waliochangiwa, ichapishwe kila robo mwaka bila neno la maelezo, katika magazeti yaleyale.